Aina Tatu za Vishikizo

Kea walioila mikanda yangu siwalaumu. Kosa lilikuwa langu. Kila mwanachama wa klabu yetu anajua, tena limeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu, kwamba ubao wa kutelezea kwenye theluji hauachwi nje hata dakika tano, maana kasuku hao wa milimani hawana adabu wala woga, na chochote chenye mpira ndani yake kwao ni karamu. Mimi niliuacha nje saa nzima. Ilikuwa zamu yangu ya kumenya viazi, nikaingia jikoni nimechelewa na nimenuna, nikausahau umeegemea ukuta. Nilipotoka, kea wawili walikuwa wamesimama juu yake wakichambua sifongo ya mikanda kama watu wanaonyonyoa kuku. Mmoja alinitazama, kisha akaendelea na kazi yake.

Basi nikawa sina vishikizo. Vishikizo ndivyo vinavyoshika buti kwenye ubao, na bila hivyo ubao wenyewe ni wa kukatia mkate. Ningeweza kununua mikanda mipya, nikaifunga jioni moja juu ya meza yangu, mambo yakaisha. Lakini nilikuwa na kinyongo na mikanda hata kabla ya kea kuigusa.

Kwetu hakuna vile viti vya kuning'inia vinavyowapandisha watu mlimani wameketi kama maharusi. Klabu yetu ina kamba. Unavaa mkanda kiunoni, mkanda una koleo la chuma, koleo linaing'ata kamba inayokimbia, nayo inakuburura mpaka juu huku umeuma meno. Wenye ski, ubao mwembamba kila mguu, wakifika juu wanaenda zao. Sisi wa ubao tunapanda na mguu mmoja tu umefungwa, kwa hiyo tukifika juu tunakaa chini, matako kwenye theluji, tuufunge wa pili.

Hapo ndipo vidole vyangu viliponiaibisha. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye mabanda ya kukatia kondoo manyoya, nikiipanga sufu kwa madaraja, na vidole vyangu vimebaki kule. Mkanda wa kishikizo una meno ya plastiki. Unausukuma ndani ya kifungo chake, halafu unaukaza kwa dole gumba, kra, kra, kra, mpaka uubane mguu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Changu hakivunji hata kikiwa na mwenzake.

Nilipokuwa bado kwenye jino la tatu, akina Marnie walishaondoka. Marnie ni daktari wa mifugo, ana miaka thelathini na kitu, na kila Jumamosi anakuja na rafiki zake watatu. Ni watu wazuri. Waliniambia siku ya kwanza, "Shuka nasi, Glenys," na walimaanisha. Ila theluji mpya haimsubiri mtu, nao hawakusubiri. "Tukutane chini," walikuwa wakisema, nikiinua kichwa naona migongo minne inapotea nyuma ya mwamba. Majira mawili ya baridi nimeijua migongo yao kuliko sura zao.

Aliyebaki nami alikuwa Alby Pascoe.

Alby ni fundi bomba mstaafu wa mji wa Rangiora, ana miaka sabini, nyonga moja si yake, ni ya chuma. Kila nikikaa, naye alikaa. Alijishusha kwenye theluji akigugumia, akaanza kuchezea kishikizo chake kisiginoni, akavuta hiki, akabonyeza kile, akapangusa theluji ambayo mimi sikuiona. Wakati wote huo anazungumza. Alizungumza juu ya mabomba yaliyopasuka kwa barafu mwaka fulani, juu ya matangi ya maji moto, juu ya padri mmoja aliyekutwa na sungura aliyekufa kwenye mfereji wake. Mfukoni alikuwa na biskuti ngumu ya tangawizi, akaivunja kwa goti, akanipa nusu. Nami nilipokuwa tayari, kwa bahati naye alikuwa tayari, tukashuka taratibu.

Nisiwe mnafiki. Nilimwona kama kodi. Nilisema moyoni: haya ndiyo malipo ya kuwa na vidole vibovu, kuketishwa na mzee wa mabomba huku wenzangu wanafaidi. Na nilikuwa na njaa ya watu. Ross, aliyekuwa mume wangu, alihamia Queensland kulifuata jua, na jua lenyewe lilikuwa na jina la kike na mtaa. Mwanangu yuko Perth, hunipigia simu Jumapili akiwa anaendesha gari. Nyumba yangu ya Darfield ina vyumba vinne, na kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa sauti niliyoisikia zaidi ni ya jokofu. Mara moja nilijikuta ninamweleza mwanamke wa kaunta dukani habari ya kidole changu, kirefu, mpaka watu wa nyuma wakahama foleni. Mlima ndio uliokuwa umenibakia. Nilitaka Jumamosi moja tu nishuke nikiwa katikati ya watu.

Ndiyo maana sikwenda kununua mikanda. Nilikwenda kwa Lindsay, mwenye duka la vifaa, mtu mwenye ndevu nyingi na maneno mengi kuliko ndevu.

"Umeua kea, Glenys?" akaniuliza alipouona ubao.

"Wao ndio wameniua. Tazama."

Akaugeuza, akacheka mpaka akakohoa. "Wameacha skrubu. Mwaka huu wana huruma." Akaingia nyuma, akarudi na vishikizo jozi tatu, akavipanga juu ya meza. "Haya. Hivi ni vya mikanda, unavijua."

"Sivitaki."

"Hujavishika hata."

"Nimevishika miaka tisa, Lindsay. Lete hivyo vingine."

"Hivi ni vya mgongo. Ona." Akabonyeza kitu, na lile bamba la nyuma linaloegemea mguu likalala kama kiti cha kinyozi. "Unatumbukiza mguu kama unavaa kandambili. Unainua mgongo, unabana kikono hiki hapa. Klak. Umefunga. Na umesimama vilevile, hukai chini ng'o."

"Nani anavaa vitu kama hivi?"

"Wazee wajanja."

"Havina sura."

"Havina. Ndiyo maana wenye kiburi hawavinunui." Akanitazama juu ya miwani, akavuta jozi ya tatu. "Na hivi ni vya kukanyaga. Mkanda hakuna, mgongo haulali. Buti lina meno yake chini, unaingiza vidole, unakanyaga kisigino, kinaita mara mbili, kwaheri. Ila vina masharti. Buti ulilonalo havilitaki. Vinataka buti lao."

"Nani anavivaa?"

"Marnie alichukua mwaka jana. Wale wenzake nao wakamfuata, kama kondoo wako."

Nikavivuta kwangu.

"Ngoja kwanza," Lindsay akasema, sauti imeshuka. "Kwa kidole hicho, vya mgongo vinakutosha. Na unabaki na buti zako, mguu umeshazizoea."

"Sikuja kununua vinavyonitosha."

"Haya, bibie. Vua viatu, tupime."

Nilirudi nyumbani na maboksi mawili kiti cha mbele, nikayafunga mkanda wa gari.

Jumamosi ilikuwa ya jua, na theluji mpya ilifika kifundo cha mguu. Nilipanda kamba nyuma ya Marnie. Juu nikajiachia, nikautelezesha ubao pembeni, nikaingiza vidole, nikakanyaga. Klik. Nikakanyaga tena. Klik ya pili. Nikautikisa mguu kama mtu asiyeamini meno yake mapya, na mguu ukakataa kutoka. Nilikuwa nimesimama. Katika miaka tisa sikuwahi kuuona mlima kutoka pale juu nikiwa nimesimama.

"We Glenys," Marnie akasema, "umehamia kwetu?"

"Nimehamia."

"Basi leo hakuna kisingizio. Tunapita ule mfereji wa kusini."

Nilicheka kama msichana. Na hapo Alby akafika. Aliachia kamba, akaja pembeni yangu kama siku zote, akakunja goti lake zima, mkono mmoja chini, tayari kujishusha. Alikuwa nusu njia aliponiona miguu. Akabaki hivyo hivyo, ameinama, kama mtu aliyesahau alichokuwa anakitafuta.

"Ahaa," akasema. "Umenunua."

"Nimenunua."

"Vizuri. Vizuri sana."

Akajiinua. Akatumbukiza mguu wa nyuma kwenye kishikizo chake, akapeleka mkono kisiginoni bila hata kutazama, akainua bamba la mgongo. Klak. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

Nilitazama mguu wake. Nikamtazama yeye. Vishikizo vile vilikuwa vimekwaruzika, rangi imekwisha, ni vya siku nyingi.

"Alby. Hivyo ni vya mgongo."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu waliponibadilisha nyonga. Miaka sita, saba."

"Sasa ulikuwa unakaa chini kufanya nini?"

Akapangusa pua kwa glavu. "Napumzika."

"Majira mawili?"

"Nilichoka sana," akasema, na macho yakamcheka. Halafu akaona sicheki. "Wewe ulikuwa unakaa, nami nikakaa, basi. Mtu akikaa peke yake kwenye theluji anapoa upesi. Hesabu ya bomba tu hiyo, Glenys. Bomba la pembeni ndilo linaloganda kwanza."

Fikiria mzee wa miaka sabini, mwenye chuma kwenye nyonga, akikaa kwenye barafu mara kumi kwa siku na kuinuka mara kumi, ananichezea kishikizo kisicho na ubaya, mpaka nimalize. Nami nilikuwa nikiitikia "mm" na "kumbe", jicho langu likiwafuata wale wanne.

"Glenys," Marnie akaita, ameshageuza ubao. "Unakuja au unabaki?"

Nilisimama kati yao. Sikuhitaji hekima yoyote kujua ni lipi la kufanya. Ilikuwa kukaa chini tu, matako kwenye theluji, nimwambie Alby anipe ile habari ya padri tena. Lakini nilikuwa nimeingoja sauti ile iniite miaka miwili.

"Nenda," Alby akasema. "Si ndicho ulichovinunulia?"

Nikaenda.

Mfereji wa kusini ni mteremko mbaya, mwembamba kati ya miamba, nami niliupita bila kuanguka, na nikiwa chini Marnie alinigongea glavu. Nilifurahi, sitakana. Tukapanda tena. Kwenye kamba kila mtu yuko peke yake na koleo lake, huwezi hata kugeuza shingo. Juu, klik klik, klik klik, watu watano, tukashuka. Tukapanda. Mara ya nne ndipo nilipotambua kwamba tangu asubuhi tulikuwa tumesemezana maneno kama kumi, nayo yote yalikuwa "poa?" na "twende". Hakuna aliyekaa, kwa hiyo hakuna aliyezungumza. Chakula cha mchana walinisogezea kiti, wakanipa chumvi, wakazungumza juu ya harusi ya mtu nisiyemjua na nyumba iliyopakwa rangi vibaya na mtu nisiyemjua. Niliuliza swali moja, nikajibiwa kwa adabu. Hawakuwahi kuniacha kwa sababu ya mikanda. Walikuwa na maisha yao tu, na yalikuwa yamejaa.

Alby siku hiyo alikuwa na zamu ya vyombo. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni, mikono kwenye povu mpaka viwikoni, akimweleza mpishi jambo. Nilipomaliza supu na kutoka kumtafuta, gari lake lilikuwa limeshaondoka.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Niliosha madirisha ambayo hayakuwa machafu. Nilijaribu kukumbuka nimewahi kumuuliza Alby swali gani, lolote, nikapata moja: kama ana glavu ya ziada. Sikujua kama ana mke, ana watoto, nani anampikia. Nilijua mabomba yake yote na sikumjua mwenyewe. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, na wangu alikuja na mizigo yake akakaa nami siku saba. Ijumaa nikayatengeneza maneno, nikayasema kwa sauti mbele ya jokofu: Alby, sitaki kushuka na wale. Nataka kukaa na wewe. Yalikuwa maneno mafupi hata mtoto angeyabeba.

Jumamosi mawingu yalishuka mpaka kwenye paa la klabu, na upepo ulikuwa unatoka kusini. Watu walikuwa wachache. Marnie na wenzake hawakuja. Nilimuuliza mwendesha kamba kama Alby amepanda, akaelekeza kidole juu kwenye ukungu. Nikaliweka koleo kwenye kamba, nikang'ata meno.

Nilimsikia kabla sijamwona. "…basi nikafungua mfuniko, nikaingiza mkono, nikashika kitu chenye masikio." Kisha kicheko cha mtu mwingine.

Walikuwa wamekaa pale pale, pembeni ya mwisho wa kamba. Alby upande wa kushoto, na upande wa kulia jitu moja zima lenye koti jipya la kijani, anahema, anapigana na mkanda uliogeuka ndani nje. Mwanachama mpya, nilimwona asubuhi akiandikishwa: Fergus, mwalimu wa hesabu kutoka Timaru. Kwenye paja lake palikuwa na nusu ya biskuti. Na Alby alikuwa ameinamia kisigino chake mwenyewe, anavuta hiki, anabonyeza kile, anapangusa theluji isiyokuwepo.

"Glenys," akasema, amefurahi kwa kweli. "Huyu ni Fergus. Fergus, huyu ndiye bingwa wetu, anashuka mfereji wa kusini na akina Marnie."

"Samahani, mama," Fergus akasema, "nimewazibia njia. Huu mkanda una pepo."

"Hujaziba," nikasema.

Nilisimama mbele yao. Mguu wangu wa nyuma ulikuwa umeshaita mara mbili. Yale maneno ya Ijumaa yalikuwepo mdomoni, yote. Lakini jokofu lilikuwa halina masikio, na sasa palikuwa na watu wawili wananitazama kutoka chini, mmoja wao mgeni. Nikakaa. Nilijishusha kwenye theluji karibu na Alby, baridi ikapenya suruali mara moja, nikainama juu ya kisigino changu.

"Kuna nini?" Alby akauliza.

"Hiki kisigino. Nadhani hakijajifunga vizuri."

Ulikuwa uongo, na ulikuwa uongo wa kitoto. Yeye hakuuliza mara ya pili. Alimwambia Fergus, "Ngoja kidogo," akageuka na nyonga yake ile akijikaza, akavua glavu. Aliinamisha kichwa karibu na buti langu kama alivyokuwa akiinama maisha yake yote mbele ya mabomba ya watu. Akapitisha dole gumba kwenye kiungo, polepole, mzunguko mzima. Akalivuta buti. Akalitikisa. Nilimtazama utosi, kofia ya sufu iliyofumwa na mtu nisiyemjua, nikaomba akute kasoro.

"Kimefunga," akasema. "Kimefunga sawasawa kabisa. Hivi vishikizo ni kazi nzuri, Glenys. Hutahitaji mtu tena."

Akavaa glavu. Nilitaka kumwona usoni kama ameelewa, lakini Fergus alitoa mlio, mkanda umemtoka mkononi tena, na Alby alishageuka upande ule.

"Usiusukume, mwalimu. Unyooshe kwanza. Hivyo." Kisha, juu ya bega, kwa upole uleule aliokuwa nao siku zote, "Wewe shuka tu, Glenys. Tusikucheleweshe."

Nikasema asante. Nikainuka, na kwa vishikizo vile kuinuka ni rahisi, nikageuza ubao kuelekea chini.